Maharage yaliungua, na mtoto hakusikia harufu

Shikamoo Bibi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, niko Morogoro. Safu yako huwa naisoma kwenye simu nikiwa dukani, na sikudhani ipo siku nitakuandikia. Ila hili nimeshindwa kulimeza.

Mwanangu wa kwanza ni wa kiume. Mwezi wa tatu ametimiza miaka 16. Yuko kidato cha tatu, anasoma bweni. Bibi, mtoto huyu hajabalehe. Sauti ni ileile aliyokuwa nayo darasa la tano. Kwaya ya kanisani bado anaimba sauti ya kwanza pamoja na wasichana, na likizo iliyopita aliniambia hataki tena kwenda mazoezini. Hakunipa sababu, nami sikumuuliza kwa sababu naijua. Kidevuni hakuna hata unywele. Suruali za kidato cha kwanza anavaa mpaka leo, tumeshusha pindo tu.

Mdogo wake wa kike ana miaka 12 na ameshavunja ungo. Wageni wakija wanadhani binti ndiye mkubwa. Siku moja fundi bomba alimwambia kijana, "Dogo, hebu niitie dada yako." Akaenda kumwita, kisha akaingia chumbani na hakutoka mpaka usiku.

Baba yake anasema nisihangaike. Anasema yeye mwenyewe alianza kunyoa ndevu akiwa ameshamaliza kidato cha nne, na ukoo wao ndivyo walivyo. Anasema pia mtoto ameshaota vinyweleo kwapani, kwa hiyo "imeshaanza". Bibi yake mzaa baba anasema ni kwa sababu alichelewa kutahiriwa. Anayenitisha ni baba yake mdogo. Anamfahamu mtu sokoni anayeuza mitishamba ya "kuamsha uanaume", tena ana rafiki yake wa gym anayeweza kupata sindano za homoni. Anasema sindano tatu tu, kijana atatoka na sauti ya besi.

Historia yake ni hii. Alizaliwa salama, miezi tisa, kilo tatu na kitu. Korodani zote mbili zilikuwa hazijashuka, akafanyiwa upasuaji akiwa na miaka mitatu, na daktari alisema kila kitu kimekwenda sawa. Hana ugonjwa wa kudumu. Seli mundu tulishampima, hana. Anakula vizuri. Darasani hakosi tano bora. Ni mtoto mtulivu, labda mno. Wiki iliyopita nilimwachia sufuria ya maharage jikoni, naye akawa anasoma palepale mezani. Mimi nilisikia harufu ya kuungua nikiwa getini! Naingia, moshi ndio kwanza unaanza kutoka pembeni mwa mfuniko, yeye amekaa anafunua kurasa. Tunamtania siku zote kwamba ana pua ya mapambo. Ndivyo alivyo, mawazo yako mbali.

Bibi, nisubiri kama baba yake anavyosema? Na je, mtoto huyu ataweza kuoa na kuzaa?

Mama Mwenye Mawazo, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyoiandika wewe: sauti, ndevu, fundi bomba. Mara ya pili nikakwama kwenye maharage. Umeyaweka mwishoni kama kichekesho, lakini ningekuwa bado nimekaa kwenye kile kiti cha kliniki ya watoto, hapo ningeweka kalamu chini na kukuuliza: huyu mtoto amewahi kusikia harufu ya kitu chochote tangu azaliwe?

Nitarudi kwenye pua. Kwanza la kusubiri: usisubiri. Mvulana huanza kubalehe kati ya miaka 9 na 14. Akivuka 14 bila dalili yoyote anastahili kuonwa na daktari, si kwa sababu lazima ni mgonjwa, ila ajulikane yuko kundi gani. Wako ana 16. Na dalili ya kwanza si sauti wala ndevu, hayo ni ya kufungia kazi. Ya kwanza ni korodani kuanza kukua, zikafikia ujazo wa mililita 4. Mama hawezi kuliona hilo kwa mtoto wa bweni anayejifungia bafuni, wala sitaki ujaribu. Daktari wa watoto anacho kifaa chake: shanga kubwakubwa za umbo la yai zilizotungwa kwenye kamba, kila moja na namba yake, kuanzia 1 hadi 25. Kijana akiziona kwa mara ya kwanza hudhani ni tasbihi. Daktari anapapasa korodani kwa mkono mmoja na shanga kwa mwingine, analinganisha, anaandika namba. Haichukui hata dakika mbili.

Vile vinyweleo vya kwapani ambavyo mzee anavitolea ushahidi, mwambie kwa upole kwamba havithibitishi kitu. Juu ya kila figo kuna tezi iitwayo adrenali, nayo hutoa homoni zake zinazotosha kuotesha vinyweleo vichache na kuleta jasho la kiutu uzima hata kama balehe yenyewe bado imelala fofofo. Ni mifumo miwili tofauti. Nimeona wazazi wengi wakitulizwa na vinyweleo.

La mkweo kuhusu kutahiriwa halina uhusiano. Ile ni ngozi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Tunaposema mtoto hajabalehe, macho ya ukoo mzima yanakwenda chini ya kitovu. Balehe haianzii huko, inaanzia kichwani. Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu inaitwa haipothalamasi. Ukiitoa yote inatosha kwenye kijiko cha chai. Ndiyo inayosimamia njaa, kiu, joto la mwili na mambo mengine mengi. Humo mna seli elfu moja au mbili hivi, ambazo kwenye ubongo wenye mabilioni ya seli ni kama hazipo, na kazi yake ni kutoa homoni moja ambayo wataalamu huiita kwa herufi tu, GnRH. Homoni hiyo inashuka safari fupi hadi kwenye tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa njegere, inayoning'inia chini ya ubongo. Pituitari ikibishiwa hodi na GnRH, nayo inamwaga homoni zake mbili kwenye damu: LH na FSH. Hizi ndizo zinazosafiri mpaka kwenye korodani. LH inaziambia zitengeneze testosteroni, na testosteroni ndiyo yenye kuleta sauti, misuli, ndevu, chunusi na ile tabia ya kufunga mlango kwa kishindo. FSH inaandaa kiwanda cha mbegu. Kwa binti yako ni homoni hizohizo, ila zinakwenda kubisha kwenye ovari. Kifua huanza, hedhi hufuata miaka miwili hivi baadaye, na akishakomaa, katikati ya mzunguko LH hupanda ghafla na yai likatoka. Kwa hiyo yeye kuvunja ungo akiwa na 12 ni sawasawa kabisa. Hajamwahi kaka yake, wasichana hutangulia.

Nimesema hodi na nimekusudia. Mtu akipiga hodi, akanyamaza, akapiga tena, utakwenda kumfungulia. Akiegemea kengele asiachie, utaziba masikio. Pituitari iko hivyohivyo. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walionyesha jambo hili kwa nyani ambao sehemu ya haipothalamasi yao inayotoa GnRH ilikuwa imeharibiwa. Walipowapa GnRH kwa dakika chache kila saa, LH na FSH zilitoka. Walipowapa bila kukatiza, homoni ileile ikazima kila kitu. Mpaka leo mtoto anayebalehe mapema mno, tuseme msichana wa miaka sita mwenye kifua, hutibiwa kwa kanuni hiyo: anachomwa dawa ya jamii ya GnRH inayobisha mfululizo, hadi pituitari inachoka kuitika. Mimi nilipofundishwa hili sikuamini. Dawa ya kuzima iwe ndiyo ileile ya kuwasha?

GnRH yenyewe ilichambuliwa mwaka 1971, na Andrew Schally na Roger Guillemin walioshindana kuitafuta kwa miaka wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Mmoja alitumia bongo za nguruwe, mwingine za kondoo, malaki kwa malaki kutoka machinjioni, ili kupata chembe ya kitu kilichoungwa kwa asidi amino kumi tu.

Mtoto huanza kupiga hodi hizi akiwa tumboni. Huzipiga tena miezi michache baada ya kuzaliwa, kipindi ambacho wataalamu hukiita balehe ndogo, kisha ubongo unakanyaga breki kwa miaka. Balehe ni breki kuachiwa, na huachiwa usiku kwanza: mtoto amelala, hodi zinaanza. Mwenye mkono kwenye hiyo breki ni homoni nyingine ya ubongo iitwayo kispeptini. Jeni yake iligunduliwa mwaka 1996 katika mji wa Hershey, Pennsylvania, na watu waliokuwa wakitafiti saratani, wakaipa jina la chokoleti ya Kisses inayotengenezwa hapo mjini. Mwaka 2003 ndipo ilipojulikana, kwa kuchunguza familia ambazo watoto wao hawakubalehe, kwamba bila mlango wa kupokea kispeptini hodi hazianzi. Mwili pia hupeleka taarifa za akiba ya mafuta. Ndiyo maana mtoto mwenye utapiamlo, mwenye seli mundu, mwenye ugonjwa wa muda mrefu wa figo au maambukizi yasiyotibiwa huchelewa: ubongo unaona ghala tupu, unaahirisha. Wewe umeniambia anakula vizuri na seli mundu hana, kwa hiyo nasogea mbele.

Nasogea kwenye pua.

Zile seli za GnRH, elfu moja au mbili, hazizaliwi ubongoni. Zinazaliwa puani. Mimba ikiwa na wiki sita hivi, zinaanza kutambaa kutoka mahali panapokuja kuwa pua, zikifuata nyuzi za neva za kunusa kama mtu anayefuata reli, mpaka zinaingia kwenye ubongo na kutua haipothalamasi. Lilithibitishwa mwaka 1989 kwa vijusi vya panya. Sasa fikiria reli haikujengwa. Neva za kunusa hazikufika zilikotakiwa kufika, na seli zilizokuwa zikizifuata zikakwama njiani. Mtoto huyo atazaliwa, atakua, atakuwa na akili timamu na korodani zisizo na kasoro yake zenyewe, lakini hatasikia harufu na hodi haitapigwa. Madaktari huiita sindromu ya Kallmann, kwa jina la Franz Josef Kallmann aliyeieleza mwaka 1944. Mimi naona jina lilistahili kwenda kwa Mhispania, Aureliano Maestre de San Juan, ambaye mwaka 1856 alipasua maiti ya mwanamume mwenye korodani ndogo, akakuta sehemu ya ubongo ya kunusa haipo. Hakuna aliyemsikiliza.

Si ugonjwa wa kila mtaa. Hesabu iliyofanywa Finland ilikuta kama mwanamume mmoja kati ya 30,000, na wanawake ni wachache zaidi. Ndiyo maana nauandika kwa kalamu ya risasi, si ya wino. Lakini mwanangu, umenipa vitu viwili: maharage na korodani. Miezi ya mwisho tumboni, korodani hushushwa kwa msaada wa testosteroni, na testosteroni hiyo inahitaji hodi za kutoka juu. Watoto wengi ambao korodani zao hazikushuka hubalehe kama wenzao bila shida yoyote, hilo lijue. Ila korodani mbili zisizoshuka, miaka 16 bila balehe, na pua ya mapambo, vikikaa kwenye barua moja, mimi sivipiti.

Na baba yake? Hajasema uongo. Sababu ya kwanza kabisa ya wavulana kuchelewa ni hiyohiyo ya ukoo: saa ya mwili inakwenda polepole, mtoto ni mfupi kwa umri wake, mifupa yake ni michanga, na ghafla kwenye 16 au 17 anafumuka. Wengi wa hawa hawahitaji dawa, wanahitaji kuhakikishiwa. Kinachonisumbua ni kwamba vipimo vya damu haviwatofautishi vizuri kijana wa namna hii na yule wa Kallmann: wote wawili LH iko chini, FSH iko chini, testosteroni iko chini. Hapo ndipo pua inapokuwa na thamani kuliko maabara. Halafu, koo zenye Kallmann nazo huwa na watu waliochelewa tu kidogo, kwa hiyo ndevu za baba kuchelewa hazifuti shaka. Angalia na upande wako pia. Mojawapo ya jeni zinazohusika iko kwenye kromosomu X, ambayo kijana huipata kwa mama. Kwenu yupo mjomba ambaye hakuota ndevu, hakupata mtoto, na chakula kikiharibika hajui mpaka aonyeshwe? Nauliza kwa ajili ya daktari, usianze kujilaumu.

Likizo hii fanyeni jaribio dogo, iwe kama mchezo, hata yule binti ashiriki. Mfunge macho. Msogezee kahawa iliyosagwa, halafu ganda la chungwa lililominywa, dagaa wakavu, kipande cha sabuni ya kufulia. Usimwambie ni nini, muulize anasikia nini. Usitumie pilipili, siki wala dawa ya kupaka ya menthol, kwa sababu mwasho hupita kwenye neva nyingine kabisa, naye atakuambia "nasikia" kumbe anasikia kuwasha. Usishangae akikupa jibu la haraka la uongo. Mtoto ambaye hajawahi kunusa hajui kwamba hanusi. Amejifunza kusema "inanukia" kwa sababu watu wote mezani wanasema. Nilipata kijana mmoja aliyeniambia alidhani harufu ni neno tu la adabu la kusifia chakula. Na ladha isikudanganye: chumvi na sukari ataviita vizuri, ulimi wake ni mzima. Kama anasikia harufu zote, Kallmann inarudi nyuma sana, na mimi nitafurahi kuwa nimekosea. Kama hasikii, muulize ni tangu lini, maana mafua ya mzio, vinyama vya puani na hata Korona huondoa harufu, ila hayo yana tarehe ya kuanza.

Vyovyote itakavyokuwa, mpeleke. Anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, omba daktari wa watoto, na uombe rufaa ya kliniki ya homoni za watoto; Muhimbili wanayo. Zamani fani hii huku kwetu ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, lakini mwaka 2008 kilianza kituo Nairobi cha kuwafundisha madaktari wa watoto wa Afrika somo la homoni, Watanzania wakiwemo, na sasa wapo. Nenda na kadi yake ya kliniki ya utotoni kama hukuitupa, na karatasi za ule upasuaji. Damu itolewe asubuhi, kabla ya saa tatu, kwa sababu testosteroni huwa juu alfajiri na hushuka kadiri siku inavyokwenda. Iliyotolewa saa nane mchana itawachanganya. Watapima LH, FSH na testosteroni. LH na FSH zikiwa juu sana na testosteroni ikiwa chini, maana yake kichwa kinabisha hodi kwa nguvu na korodani hazifungui, na hiyo ni hadithi nyingine. Zote zikiwa chini, hodi haijapigwa. Watapiga picha ya eksirei ya kiganja cha kushoto kuona umri wa mifupa. Wanaweza kupima figo kwa ultrasaundi, kwa kuwa baadhi ya wenye Kallmann huzaliwa na figo moja, na wanaweza kutaka picha ya MRI ya kichwa. Jambo moja halingoji likizo: akianza kuumwa kichwa mara kwa mara, kuona vibaya pembeni, au kunywa maji na kukojoa kupita kiasi, mfuate shuleni, kwa sababu hizo ni dalili za kitu kinachobana pituitari.

Sasa baba mdogo. Mitishamba ya sokoni sijui ina nini, na muuzaji naye hajui, kwa hiyo siongezi neno. Sindano za gym nazijua. Testosteroni ikiingia kutoka nje, ubongo unaipima kwenye damu, unaona ipo tele, unaacha kupiga hodi. Ndiyo maana wale wanaume wenye vifua kama milango huja kliniki ya uzazi korodani zimesinyaa na kipimo cha mbegu ni sifuri. Kwa kijana wa 16, dozi ya mtu mzima hufunga ncha za mifupa kabla ya wakati, akabaki na urefu alionao. Na kama ni wa ukoo tu na hodi ilikuwa ndiyo inaanza, umeinyamazisha. Tena ikitangulia kabla ya vipimo, daktari atakuta LH iko chini na hatajua ni mtoto au ni sindano.

Lakini usije ukashtuka daktari naye akisema testosteroni. Ni dawa ileile kwa mkono mwingine. Huanza na dozi ndogo, sindano moja kwa mwezi, miezi mitatu mpaka sita, kisha husimamisha na kuangalia. Yule wa ukoo, mara nyingi baada ya msukumo huo mwili wake huendelea wenyewe. Yule ambaye haendelei ndiye atakayehitaji dawa kwa miaka, dozi ikipandishwa taratibu, na sauti itashuka, ndevu zitaota, mifupa itakomaa. Hili la mifupa watu hulisahau: mwanamume anayeachwa bila testosteroni mifupa yake inakuwa dhaifu angali kijana.

Umeuliza kama atazaa. Swali la kuoa sina wasiwasi nalo. La kuzaa nitakujibu bila kupaka asali. Testosteroni ya sindano humfanya kijana awe mwanamume wa kila namna isipokuwa haitengenezi mbegu. Siku akitaka mtoto, hubadilishiwa dawa: huchomwa homoni inayofanya kazi ya LH, ambayo ni ileile inayoleta mistari miwili kwenye kipimo cha mimba, pamoja na FSH. Ni sindano kadhaa kila wiki, kwa miezi mingi, hata miaka miwili, na si rahisi kwa mfuko. Wengi hupata mbegu na wengi wamekuwa baba. Korodani ambazo zilichelewa kushuka hupunguza nafasi hiyo, siwezi kukuficha, ila hazifuti. Na wapo wachache, mmoja kati ya kumi au zaidi kidogo, ambao baada ya matibabu hodi huanza zenyewe ukubwani, bila mtu kujua kwa nini.

Lililobaki ni namna ya kumwambia. Usimwambie mbele ya baba mdogo wala mbele ya dada yake. Mwambie mkiwa mnatembea au mnachambua mchele, mahali ambapo hamtazamani usoni. Sema umeona, na kwamba mnakwenda hospitali kwa sababu kuna homoni ya kichwani inayochelewa kutoa taarifa. Tumia neno hilo hasa, kichwani. Kijana wa umri huu bafu la bweni limeshamwambia mengi kuhusu mwili wake, yote ya kumdhalilisha, na ameshaamua kwamba kasoro iko kwenye uume wake. Hospitalini mwache aingie chumbani peke yake, au na baba yake kama yeye ndiye atakayetaka. Wewe kaa benchi. Kwaya asilazimishwe.

Na leo jioni, kabla ya daktari na kabla ya huo mchezo wa dagaa, kama mnapikia gesi, hamisha mtungi ukae nje ya dirisha na mpira upitishwe ukutani. Ile harufu ya gesi huwekwa makusudi kiwandani ili mtu ajue inavuja, na kama ninayoyashuku ni kweli, yeye hataijua. Mfundishe kufunga kilango cha mtungi kwa mkono kila anapomaliza, na mboga ya jana asiionje bila kuuliza. Likizo asilale jikoni akisoma.